Mama Mkwe Anakwenda Fort Portal

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Hamugembe, Bukoba.

Nimekuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini na moja, na vitabu vyote nilivyojaza ni vya mashamba ya watu wengine. Hiki nitajaza mambo yangu. Desemba shule zikifungwa, mimi na mke wangu Lilian tutaendesha gari letu hadi Uganda: Mutukula, Kyotera, Masaka, Mbarara, kisha Kasese hadi Fort Portal, mji wa wafalme wa Tooro, penye yale maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano. Ni kilomita mia tano na ushee kwenda, na tutakaa siku tisa bila haraka. Tutasimama kila penye jengo la zamani au kilima kizuri.

Shida ni kuwaeleza watu. Leo nimemwambia jirani yangu Ishengoma, akanipa pole na kuuliza ni nani amefariki. Nikasema hakuna. Akauliza mgonjwa amelazwa hospitali gani. Nikasema tunakwenda kutazama tu. Akaniambia kwa upole, "Kama hutaki kusema, mzee, hakuna neno."

Jumanne, 8 Oktoba.

Mvua. Nimechora ramani ya kwanza.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Lilian amesubiri nishike kikombe cha chai, ndipo akasema, "Baba Hellen, mama naye anataka twende naye."

Mama yake ni Ma Edvina, ana miaka sabini na mitano, anaishi Kimwani, Muleba, kwenye migomba na kahawa zake. Nimemwoa binti yake miaka ishirini na sita, na sijawahi kula naye meza moja wala kumpa mkono. Kwao mila hiyo bado wanaishika. Mimi nikifika, yeye huingia chumba cha ndani, hunisalimia akiwa huko huko, na jambo lolote la kusemwa hupitia kwa mtu wa tatu. Si ugomvi, ni heshima, na kwa mtu asiyependa maneno mengi kama mimi ni mpango mzuri sana.

Lilian akasema mama yake anataka kuliona kaburi la mama yake mzazi, bibi Gaudiosa, aliyeondoka Kimwani mwaka 1955 akaenda Buganda, akaolewa huko na kuzikwa huko, kilomita kumi na moja nje ya Kyotera. "Amelia sana, Baba Hellen. Amenituma nikuombe."

Mama mkwe akiomba, mtu hajadili. Nimesema sawa. Sikufurahi.

Jumapili, 13 Oktoba.

Baada ya ibada nimepima gari. Kutoka kiti changu hadi kile cha mwisho kabisa ni mita moja na sentimita themanini na nne. Kule Kimwani, kutoka kiti ninachokalia hadi mlango wa chumba chake ni mita nne. Gari letu ni Noah, na halitoshi kwa heshima.

Jumatano, 16 Oktoba. Muleba.

Ofisini nimemweleza Projestus, msaidizi wangu, ambaye hana jambo lisilomchekesha. Alisema, "Weka pazia, bosi."

"Pazia ndani ya Noah? Pale mpakani Mutukula watadhani nimebeba maiti."

"Si ndiyo mtapita haraka."

Alhamisi, 24 Oktoba.

Nimeshughulikia bima ya gari ya nchi jirani, ile kadi ya njano. Lilian amejaza fomu za hati ya kusafiria ya mama yake. Amejaza zote yeye mwenyewe na hakutaka nimsaidie, ingawa mwandiko wangu ndio unaosomeka.

Jumatatu, 28 Oktoba.

Mvua. Kahigi wa duka la vipuri ameniuliza nani amefariki Uganda.

Jumamosi, 2 Novemba. Kimwani.

Leo Wakatoliki wanawaombea marehemu wote. Lilian alikuwa na kikao shuleni kwake, akaniomba nimpeleke mama yake kanisani. Kumpeleka maana yake ni kwamba nilitangulia na gari tupu, yeye akaja na majirani. Ila bahasha ya majina ya marehemu wa ukoo, ile ambayo padri huiweka altareni na kusoma baadhi ya majina, niliibeba mimi, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na mimi ndiye niliyekuwa na gari. Sisi Walutheri hatuombei marehemu, lakini kubeba bahasha si dhambi.

Kuisoma labda ni dhambi. Haikuwa imefungwa. Kulikuwa na majina kumi na moja: mume wake, baba yake, wakwe zake, kaka wawili, mtoto aliyefariki akiwa mchanga, na wengine. Nimezoea kutafuta kona isiyofunga kwenye mchoro wa shamba, mahali mistari isipokutana. Mama yake hayumo.

Basi mimi napeleka mtu nchi nyingine kwenye kaburi la mama ambaye hamwombei hata hapa kijijini, mita mia sita kutoka kwake. Wazee wana mambo yao. Nimesikitikia siku moja nzima ambayo ningeitumia Mbarara.

Alhamisi, 7 Novemba.

Senene, wale panzi watamu wa msimu, wameanguka. Hamugembe nzima inanukia kikaango.

Jumatatu, 11 Novemba.

Mvua. Nimemuuliza Lilian kwa nini mama yake hamwandiki mama yake kwenye marehemu. Akasema, "Wewe unasoma barua za watu?" na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi, 16 Novemba. Kimwani, kisha Hamugembe.

Leo nitaandika kirefu.

Nilikuwa Kimwani na Projestus kurudisha mawe ya mpaka ya ndugu wawili wanaogombania migomba mitatu. Saa sita mchana mvua ikatushukia. Projestus alikimbilia kwa shangazi yake, mimi nikaenda kwa mama mkwe, maana kuipita nyumba yake bila kuingia ni kosa. Nilitegemea kumkuta shemeji yangu Kahangwa, anayeishi naye na ndiye hutupitishia maneno. Kahangwa alikuwa amekwenda mnadani. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa ndani, mimi barazani, na kati yetu mbuzi aliyefungwa nguzoni asilowe.

 Halafu sauti ikatoka nyuma ya mlango ulioegeshwa.

"Wewe mbuzi, muulize Baba Hellen kama kwake ni wazima."

Nikamwambia mbuzi kwamba kwangu ni wazima, namshukuru Mungu, na je, Mama ameamkaje. Mbuzi akaambiwa anijibu kwamba magoti yanauma ila kahawa imechanua. Mkono ukatoa kisahani cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, ukakiweka kizingitini, ukarudi ndani. Mimi nina vyeti vya chuo, na nilikuwa nikiongea na mbuzi kwa adabu zote. Nilishukuru kwamba Projestus hayupo.

"Mbuzi, mwambie Baba Hellen kwamba safari yake nimeikubali, kwa sababu mkwe hakataliwi. Lakini niulizie. Nimemkosea nini hata anipeleke kwa yule mwanamke?"

Nilidhani sikusikia vizuri kwa kelele za mvua kwenye bati. Nikamwambia mbuzi kwamba habari ya Kyotera si yangu. Ni Mama mwenyewe aliyelia, akamtuma Lilian aombe apelekwe kaburini.

 Mbuzi akatafuna ganda la ndizi.

"Kaburi gani?"

Safari hii hakumtaja mbuzi.

"La mama yako, Mama."

"Mama yangu hajafa."

Ni miaka ishirini na sita, na ukiacha salamu, hayo ndiyo maneno ya kwanza kuniambia mimi mwenyewe. Nilisimama, sijui kwa nini, nikabaki nimeshika kofia.

Aliendelea kuongea akiwa nyuma ya mlango, polepole, kwa Kihaya. Mama yake ana miaka tisini na mitatu. Ana watoto wengine huko. Mmoja anaitwa Theopista, na huyo Theopista alimpata Lilian kwenye simu mwaka jana. Lilian akaja Kimwani akamwambia mama yake kwamba mimi, mkwe, nimeona aibu kuoa katika nyumba ambayo mtu na mama yake mzazi hawajaonana kwa miaka sitini na tisa, na nimeamua kumpeleka.

"Nikasema, kama mkwe wangu anaona aibu, nitakwenda. Nitamtazama, nirudi."

"Mama, sikusema hivyo hata siku moja."

"Sasa najua. Na mimi sikulia."

Kisha akasema, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa, "Ndiyo maana hukumwona kwenye bahasha. Padri asome jina la mtu aliye hai? Sina roho mbaya kiasi hicho."

Kwa hiyo alijua kwamba niliisoma. Nikaona haya.

Akanisimulia siku yenyewe. Alikuwa na miaka sita. Mama yake aliinjika chungu cha ndizi, akamwambia, "Kaa hapa, kiangalie chungu mpaka nirudi." Akakaa. Maji yakakauka, ndizi zikaanza kuungua, yeye hakuthubutu kukiepua kwa kuwa hakuambiwa akiepue. Bibi yake mzaa baba alipofika alikuta moshi nyumba nzima, akampiga kwa sababu ya chungu. "Nililia sana," alisema. "Nilidhani mama ameondoka kwa sababu niliunguza ndizi. Niliamini hivyo mpaka nilipozaa mimi mwenyewe."

Nilimhurumia. Naandika hivyo hivyo kwa kuwa ni kweli, ingawa si kawaida yangu. Mpaka leo nilimjua kama sauti iliyo mita nne kutoka kwangu, na nilimhesabu kwenye safari kama mzigo wa nyuma.

Nikamwambia kwamba safari ni yangu, kwa hiyo neno la mwisho ni langu: hatapelekwa mahali asipotaka. Abaki nyumbani kwa amani.

"Na hayo maziwa ya kwenye mashimo," aliuliza, "ni kweli yapo, au nayo ni ya Lilian?"

"Yapo, Mama. Yako zaidi ya hamsini."

"Nimeishi miaka sabini na mitano, kila nikipanda gari ni msiba. Maziwa nitakwenda kuyaona. Kwa yule mwanamke siendi."

Mvua ilipopungua nikaaga. 

Jumapili, 17 Novemba.

Sikwenda kanisani. Nimemuuliza Lilian moja kwa moja.

Hakukana. Alikuwa anapiga pasi sare zake za kwaya, na aliendelea kupiga pasi. "Ningekwambia kwamba bibi yuko hai na mama hataki kumwona, ungesema tusiingilie. Ningemwambia mama kwamba ni mimi ninayetaka, angenifukuza. Kila mmoja wenu anamheshimu mwenzake kuliko anavyonisikiliza mimi. Nikaitumia hiyo heshima."

"Umetudanganya wote wawili."

"Ndiyo. Theopista anasema bibi kila asubuhi anauliza Edvina yuko wapi. Ana miaka tisini na mitatu, Baba Hellen. Akifa kabla hawajaonana, mama atamwandika kwenye bahasha, na mimi ndiye nitakayebeba majuto yake baada ya hapo."

Nimekasirika.  Miaka yote nimemwona Lilian kama mtu mwepesi, wa kucheka na kusahau, na sasa naona alipanga jambo hili kwa uangalifu kuliko nilivyopanga mimi barabara.

Mchana nimechora ramani ya pili. Ukifika Kyaka, badala ya kuvuka daraja la mto Kagera kwenda Mutukula, unakata kushoto kwenda Karagwe, unavuka mpaka kule Murongo, na unatokea Mbarara bila kuiona Kyotera kabisa.

Jumatano, 27 Novemba.

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimepiga kura. Mvua.

Jumamosi, 30 Novemba.

Mama mkwe amenipigia simu. Sijui mila inasema nini kuhusu simu, nami nilisimama kwa muda wote tulioongea. Aliuliza kama njia ya Murongo ina lami. Nikamwambia si yote. Akauliza mpaka Mbarara ni mwendo wa saa ngapi. Akauliza kupitia Mutukula ni saa ngapi. Akashukuru, akakata.

Jumanne, 3 Desemba.

Amepiga tena. Kutoka Mutukula hadi Kyotera ni umbali gani? Nikamwambia. Akasema ni karibu kuliko kutoka Kimwani mpaka Bukoba. Nikasema ndiyo, Mama, ni karibu kuliko hapo. 

Alhamisi, 5 Desemba.

Amemtuma Kahangwa kuniletea kopo la senene waliokaangwa, la kwangu, akasisitiza si la Lilian. Ndani yake wamekatwa mabawa na miguu kwa uangalifu wa hali ya juu. Lilian ameomba kidogo. Nimempa kidogo.

Jumatatu, 9 Desemba.

Sikukuu ya Uhuru. Mvua kubwa tangu juzi. Dereva mmoja wa lori kutoka Karagwe amesema barabara ya Murongo ina tope sehemu mbili, lakini inapitika.

Lilian alikuwepo nilipokuwa naongea naye. Dereva alipoondoka akanishika mkono. "Mwambie mama imefungwa. Neno moja tu. Ukisema wewe, hatabisha."

Ni kweli asingebisha. Neno la mpima ardhi kuhusu barabara, tena mkwe, hakuna ambaye angeliuliza mara mbili. Nilimfikiria bibi wa miaka tisini na mitatu anayeuliza kila asubuhi. Nilitembea hadi kwa Ishengoma na kurudi, nikiwa nimelowa. Kisha nikampigia mama mkwe, nikamwambia barabara ya Murongo ina tope sehemu mbili na inapitika.

"Na ya Mutukula?"

"Ni lami tupu, Mama. Na pale Kyotera, ukisema tusisimame, sisimami. Ukisema tuondoke, tunaondoka hapo hapo."

"Nimesikia," alisema.

Lilian hajaongea nami tangu mchana. Nahisi amelia, na mimi ndiye niliyemliza.

Ijumaa, 13 Desemba.

Mama mkwe amefika na Kahangwa. Amelala chumba cha binti yetu Hellen. Mimi nimelala sebuleni, upande wa mbali, kwa heshima. Gari limejaa mafuta.

Jumamosi, 14 Desemba.

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lilian mbele, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa. Pazia hatukuweka. Nilikigeuza kioo cha ndani nisimwone, nikaendesha kwa vioo vya pembeni. Ishengoma alitoka kutuaga, akatupa pole.

Tukafika Kyaka. Kwenye njia panda nilisimamisha gari pembeni na sikuwasha indiketa ya upande wowote. Ramani zote mbili zilikuwa mapajani mwa Lilian. Wauza ndizi walituzunguka, wakaona hatununui, wakaondoka.

"Baba Hellen," sauti ikaja kutoka nyuma, si kwa Lilian, kwangu. "Jana Kahangwa aliniuliza mama yangu nafanana naye wapi. Sikuweza kumjibu. Sura yake siikumbuki."

Nikashika gia.

"Nyoosha."

Tukavuka daraja. Mpakani tulikaa saa moja na nusu. Kyotera tulifika kabla ya saa sita, tukaiacha lami, kilomita kumi na moja za udongo mwekundu katikati ya migomba ambayo ingeweza kuwa ya Kimwani. Theopista alitupokea njiani, mwanamke mnene, mchangamfu, akapanda gari na kulia na kucheka kwa pamoja. Nilisimama mbele ya nyumba, nikashuka na kuacha injini inawaka, ili tuondoke mara mama mkwe akisema, kama nilivyoahidi.

Bibi Gaudiosa alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, amevalishwa gauni jipya. Ni mdogo sana wa mwili. Lilian ndiye aliyetangulia kumpigia magoti. Bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama, akasema, "Edvina."

Lilian alinigeukia mimi, kana kwamba ningeweza kumsaidia.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani, mkoba mkononi, hatua mbili kutoka kwangu. Sikusogea, naye hakusogea. Ndipo nilipomwona vizuri, kwa mara ya kwanza, akiwa nje ya mlango wowote: mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe.

"Edvina ni mimi," alisema.

Bibi akamwachia Lilian. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, toka kichwani mpaka kwenye viatu, kama mtu aliyeletewa kitu tofauti na alichoagiza. Kisha akasema kwa Kihaya, ambacho Theopista anasema hajamsikia akikisema tangu yeye ni mtoto:

"Mbona umezeeka?"

"Nilikuwa nakungoja," mama mkwe akamjibu, akaweka mkoba chini.

Nikarudi kwenye gari, nikazima injini.